Naomba ushauri: nimsubirishe ng'ombe hadi Juni ili azae mwanzoni mwa masika?

Mfugaji wa Kibosho: Habari za kazi, ndugu wafugaji. Nina ng'ombe wawili chotara wa Friesian hapa Moshi, wote wa kufungiwa bandani. Mmoja alizaa mwanzoni mwa Januari, na sasa, mwishoni mwa Machi, ameingia kwenye joto, yaani anahitaji kupandishwa. Jirani ananishauri nisimpandishe hadi Juni, kwa kuwa mimba huchukua takribani siku 283, hivyo atazaa masika majani yakiwa tele. Je, ana hoja?

Mzee wa Machame: Ndugu mleta mada, hoja hiyo ingemfaa zaidi mwenye kuchunga. Ukimpandisha sasa atazaa Januari, wakati wa kiangazi, lakini kilele cha maziwa huja wiki sita hadi nane baada ya kuzaa, yaani mvua zikikaribia. Kazi yako ni kuhifadhi mabua ya mahindi ya tambarare baada ya mavuno, na kumwachisha kukamuliwa miezi miwili kabla ya kuzaa. Ukisubiri hadi Juni, utamlisha kwa miezi mitatu ya ziada huku maziwa yakipungua na mimba haipo. Zaidi ya siku 60 zimekwisha kupita tangu azae. Kama kizazi chake ni safi na hajakonda, mpandishe.

Mfugaji wa Kibosho: Nashukuru, mzee wangu. Tatizo ni kwamba amefungwa peke yake, hana mwenzake wa kumpanda, nami hushindwa kujua joto limeanza saa ngapi.

Mhimilishaji (mtaalamu wa kupandisha ng'ombe kwa mrija), Usa River: Mchunguze alfajiri na jioni, kabla ya kumpa majani, maana akishaanza kula dalili nyingi hujificha. Tafuta ute mwangavu unaoning'inia kama ute wa yai, au uliokaukia mkiani. Ng'ombe aliye kwenye joto pia hulia ovyo na maziwa hupungua ghafla. Ukiona dalili asubuhi, apandishwe jioni. Ukiziona jioni, apandishwe kesho yake asubuhi, ila mpigie simu mtaalamu mapema, kwani barabara za huko juu mvua ikinyesha mnazijua wenyewe. Ukikuta damu mkiani, joto limepita siku moja au mbili nyuma: usimwite mtu, andika tarehe, kisha anza kumvizia tena kuanzia siku ya 16 baada ya hapo.