Silaha za kuigiza katika mapambano ya Zama za Kati: ipi ni salama, na ipi inakaribia ukweli?

baba_haruni

Wanajukwaa, salaam.

Ninaishi Columbus, Ohio. Mwanangu aliyetimiza miaka 18 hivi karibuni ameingiwa na shauku ya mchezo ambao sikuwahi kuusikia nilipokuwa nikikua Tanga: watu wazima huvaa deraya na kofia za chuma, hushika panga na ngao za mfano wa zile za Ulaya ya Zama za Kati, kisha hupigana kwenye bustani ya umma siku za Jumapili. Amepata vikundi vitatu. Kimoja hutumia panga za sponji, cha pili hutumia fimbo za henzerani zilizofungwa utepe, na cha tatu hutumia panga butu za chuma. Yeye anataka chuma moja kwa moja, kwa hoja kwamba sponji ni mchezo wa watoto na kwamba kisichouma hakifundishi. Mama yake anasema ni sponji, au asiende kabisa.

Mimi ni fundi wa mashine, na kazi yangu imenizoesha kutoamini kitu kwa sababu tu kimefunikwa kwa kilaini. Naomba wenye uzoefu wanieleze hatari yenyewe iko wapi katika kila aina, na kama ni kweli kwamba kadiri silaha inavyokaribia ile ya asili ndivyo inavyozidi kuumiza. Nikienda kukagua vikundi hivyo, nitazame nini?

mzee_wa_henzerani

Karibu, Baba Haruni. Nimecheza upande wa henzerani kwa miaka mingi hapa Marekani, kwa hiyo nitasema ya huko, na wengine watajaza yaliyobaki.

Henzerani ilichaguliwa hasa kwa jinsi inavyoharibika. Mti mkavu ukivunjika hupasuka na kuacha vibanzi virefu vyenye ncha. Kibanzi cha namna hiyo ndicho kilichomuua Mfalme Henri wa Pili wa Ufaransa mwaka 1559, pale mkuki wa mpinzani wake ulipovunjika katika mashindano ya farasi na kipande kikapenya kwenye kofia yake hadi machoni. Henzerani haipasuki hivyo. Nyuzi zake hulegea na kuchambuka polepole hadi fimbo inakuwa kama ufagio, nawe unaiona imechoka kabla haijakusaliti.

Chama kikubwa zaidi cha mchezo huu, Society for Creative Anachronism, kilianzia Berkeley, California, mwaka 1966. Kanuni zake zinataka fimbo ya upanga isipungue kipenyo cha inchi moja na robo, yaani takriban milimita 32, kofia iwe ya chuma chenye unene wa takriban milimita 1.6, na nondo za kukinga uso zisiachane kiasi cha kupitisha kijiti chenye kipenyo cha inchi moja. Ukilinganisha namba ya kwanza na ya tatu utaona mantiki yake: fimbo haiwezi kupita mahali ambapo hata kijiti chembamba zaidi yake hakipiti.

Hata hivyo, kijana asidanganyike. Pigo la henzerani ni pigo la rungu, na linaacha alama ya zambarau mahali ambapo deraya haikufika. Jambo ambalo wageni hawalitarajii ni kwamba hakuna mwamuzi wa kuhesabu mapigo. Aliyepigwa ndiye anayeamua kama pigo lingetosha kumwangusha mtu aliyevaa deraya ya minyororo. Kikundi chenye watu waungwana hupigana kwa kiasi. Kikundi chenye wabishi wasiokubali kupigwa huwalazimisha wenzao kuongeza nguvu kila Jumapili, na hapo ndipo mifupa inapoanza kulia. Kwa hiyo, kabla ya kukagua fimbo, kaa pembeni nusu saa uone jinsi watu wanavyokubali kushindwa.

Kuhusu ukweli, uzito wa fimbo hauko mbali na wa upanga wa mkono mmoja, na ngao kubwa hufanya kazi kama ngao. Tatizo ni kwamba fimbo ni ya mviringo, hivyo haina bapa wala makali, japo tunachora mstari wa utepe kuonyesha makali yako wapi. Tena kanuni zinakataza kupiga chini ya magoti, kwa usalama, na matokeo yake tunasimama miguu imeachwa wazi kwa namna ambayo askari wa mwaka 1300 asingethubutu.

bintipwani

Shikamoo, Baba Haruni. Ninafanya mazoezi ya upanga wa kihistoria wa Ulaya hapa Ujerumani, na kwetu silaha ni ya chuma. Nakubaliana na mzee kuhusu henzerani, ila nisingependa mtu aondoke hapa akiamini kwamba chuma ndicho ngazi ya juu ya hatari kwa sababu tu ni chuma.

Upanga wangu wa mazoezi uko mezani ninapoandika haya. Una uzito wa takriban kilo 1.4, ambao ni wa kawaida kabisa kwa panga za mikono miwili za karne ya 15. Zile habari za panga za kilo kumi ni porojo. Makali yake ni ukingo mnene wa milimita mbili hivi, uliopigwa tupa hadi ukawa mviringo. Ncha imekunjwa ikarudi nyuma na kuwa kifundo bapa. Nikiiegemeza ukutani na kusukuma mpini, bapa zima linapinda na kutoka nje ya mstari, kisha likiachiwa linanyooka. Kupinda huko ndiko tulikonunua kwa kuacha ukweli: upanga halisi wa aina hii ungekuwa mgumu zaidi, maana ulitengenezwa ili mchomo wake upenye.

Faida ya chuma ni kwamba panga mbili zikikutana zinang'ang'aniana, na kupitia mkono unahisi kama mwenzako anasukuma au amelegea. Sehemu kubwa ya mafundisho ya walimu wa zamani wa Ujerumani inategemea hisia hiyo. Panga za nailoni huteleza na kurukaruka zinapogongana, henzerani hudunda, na sponji haina mgusano wa kuhisika.

Sasa madhara. Kwetu vidole ndivyo vinavyoongoza, kwa sababu mikono iko mbele ya mwili na ndiyo inayofikiwa kwanza. Cha pili ni kichwa, na hapa naomba usome kwa makini, wewe uliye fundi. Barakoa zetu za wavu wa chuma zilibuniwa kwa ajili ya mchezo wa upanga wa Olimpiki, ambako kitara cha mashindano hakizidi gramu 500. Wavu utazuia ncha, lakini upanga wa kilo moja na nusu ukishuka utosini, wavu unabaki mzima na ubongo ndio unaotikisika. Ndiyo maana tunaongeza kifuniko kinene juu ya barakoa na kinga ya kisogo, na hata hivyo mtikiso wa ubongo haujaisha. Vivyo hivyo, utaona koti limeandikwa newtoni (kipimo cha nguvu) 350 au 800. Namba hiyo inapima ukinzani wa kitambaa dhidi ya kutobolewa. Haisemi lolote kuhusu mbavu zilizo chini yake.

Kuvunjika kwa silaha nako si hadithi. Mwaka 1982, katika mashindano ya dunia ya mchezo huo wa Olimpiki huko Roma, upanga wa Matthias Behr wa Ujerumani Magharibi ulivunjika, na kipande kilichobaki kikapenya barakoa ya Vladimir Smirnov wa Umoja wa Kisovyeti, bingwa wa Olimpiki wa 1980, ambaye alifariki baada ya siku chache. Baada ya msiba huo barakoa, mavazi na hata aina ya chuma cha panga vilibadilishwa. Silaha iliyomuua ilikuwa nyepesi kuliko zetu zote.

Kwa hiyo sipimi kikundi kwa silaha yake. Kikundi cha chuma kinachomkabidhi mgeni upanga na kumwambia apambane siku ya kwanza, mwondoe mwanao hapo siku hiyohiyo. Kile kinachomweka miezi akijifunza kusimamisha pigo kabla halijafika, huyo mtoto yuko mikononi mwa watu wenye akili.

fundi_wa_jioni

Mimi hutengeneza za sponji, na nimechoka kusikia zikiitwa za watoto. Vyama vyetu vya sponji si mambo ya jana: Dagorhir ilianza mwaka 1977 karibu na Washington na Amtgard mwaka 1983 huko El Paso, Texas.

Ndani ya upanga wa sponji kuna kiini kigumu, kwa kawaida bomba la PVC au fimbo ya faibaglasi. Juu yake hubandikwa tabaka za sponji ngumu isiyonyonya maji, ile ya mikeka ya mazoezi, kisha huvalishwa soksi ya kitambaa. Hatari yote iko kwenye kiini hicho. Baba Haruni, ukikagua, shika upanga kwa mikono miwili na ubonyeze upande wa makali kwa kidole gumba kuanzia mpini hadi ncha, ukienda polepole. Mahali popote unapohisi kiini, silaha hiyo imekwisha. Bonyeza zaidi kwenye theluthi ya mwisho, maana hapo ndipo inapopigia na ndipo sponji inapokufa kwanza. Kisha shika ncha uisukume kurudi ndani. Ikiteleza, gundi imeachia, na pigo moja la kuchoma litatosha kutoboa kifuniko na kulitoa bomba nje. Upanga ulioachwa kwenye buti la gari majira ya joto huharibika kimyakimya, kwa hiyo ule uliofaulu mwezi wa tano uukague tena mwezi wa nane.

Vikundi makini hukagua kila silaha kabla ya kila pambano, na vina pete ya kupimia yenye upana wa inchi mbili au mbili na nusu, kutegemea kanuni zao. Ncha ikipita kwenye pete hiyo inakataliwa, kwa sababu itaingia pia kwenye tundu la jicho. Hili si dogo kwetu, kwani wachezaji wetu wengi hawavai kofia. Upanga hauruhusiwi kulenga kichwa, lakini kulenga ni kitu kimoja na kupiga ni kingine.

Kasoro ya sponji kwa upande wa ukweli ni wepesi. Upanga wa gramu 400 unageuzwa hewani kwa mwendo ambao chuma hakiruhusu, na kijana akizoea hivyo atalazimika kujifunza upya. Lakini kama anataka kujua maana ya kusimama kwenye mstari wa ngao huku mikuki ikitokea nyuma ya bega lake, na watu hamsini wanakuja mbio, atakipata hicho kwetu kabla hajakipata kwa bintipwani. Majeraha yetu mengi ni ya vifundo vya miguu na magoti, kwa sababu ya kukimbia kwenye nyasi zenye mashimo.

mtu_wa_makunduchi

Nami nitie neno moja. Kwetu Unguja kusini, siku ya Mwaka Kogwa, wanaume hupigana kwa migomba, na aliyewahi kupigwa anajua kwamba inauma kweli. Lakini mgomba hujiponda wenyewe unapokupiga, hivyo nguvu nyingi inaishia kwenye mgomba badala ya mbavu zako. Nadhani Baba Haruni aulize swali hilohilo kwa kila silaha atakayoonyeshwa: pigo likifika, ni kitu gani kinachoumia, silaha au mtu?

baba_haruni

Nawashukuru wote, na swali la ndugu yetu wa Makunduchi nimeliandika pembeni. Kijana amesoma mazungumzo haya na ana pingamizi moja. Anasema mashujaa wa zamani walipigana kwa silaha kali, kwa hiyo chochote kilichopunguzwa makali ni maigizo tu, na bora maigizo yanayokaribia zaidi. Nimjibu nini?

bintipwani

Mjibu kwamba mashujaa hao hao walitengeneza silaha za kuigiza, tena kwa gharama kubwa. Mwaka 1278 Mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza aliandaa mashindano Windsor, na hesabu za manunuzi zimebaki: mavazi ya wapiganaji 38, deraya na kofia za ngozi, pamoja na panga za mfupa wa nyangumi na ngozi zilizopakwa rangi ya fedha ili zing'ae kama chuma. Hao walikuwa watu wa vita kwa kazi, hawakuhitaji kumthibitishia mtu ushujaa wao.

Tena kuna René wa Anjou, aliyeandika kanuni za mashindano karibu mwaka 1460. Aliagiza upanga wa mashindano uwe na upana wa vidole vinne, ili usiweze kupenya kwenye tundu la macho la kofia, na makali yake yawe na unene wa kidole kimoja. Fundi wa jioni na pete yake wanafuata kanuni hiyo hiyo, yapata miaka 560 baadaye. Kwa hiyo kijana aseme kwanza anataka kuiga nini. Kama ni vita vyenyewe, hakuna kikundi kitakachompa, na anayedai kumpa ni wa kukimbiwa. Kama ni mashindano ya wakati ule, vikundi vyote vitatu vina sehemu yake, na cha sponji hakina haja ya kuona haya.

mzee_wa_henzerani

Niongeze tu kwamba hicho kikundi cha chuma ulichokitaja kinaweza kuwa cha namna mbili tofauti. Uliza kama ni upanga wa kihistoria anaoueleza bintipwani, au ni yale mapambano ya makundi ndani ya uzio, ambako watu huvaa deraya nzima ya chuma, huangushana kwa mieleka, na kupigana kwa panga na mashoka yenye makali butu yasiyopungua milimita mbili. Huko kuchoma kumekatazwa kabisa, kwani hakuna namna ya kuufanya mchomo wa chuma kigumu uwe salama kwenye tundu la kofia. Jina la mchezo ni lile lile la chuma, lakini mwili unadaiwa vitu tofauti kabisa, na gharama ya deraya pekee itakufanya uzungumze na mama yake Haruni upya.

fundi_wa_jioni

Na asinunue chochote mwezi wa kwanza. Vikundi karibu vyote vina silaha na kofia za kuazima. Akishaamua kubaki, aanze na kinga ya sehemu za siri na kinga ya koo, ambazo ni za bei nafuu na zinafaa kwenye henzerani na chuma sawasawa. Glavu azinunue mwisho, baada ya kujua silaha, maana zile za mchezo wa lacrosse ambazo watu hupenda kuzitumia kwa sababu ni rahisi kupatikana hazitoshi kabisa kwa upanga wa mikono miwili wa chuma.