Halwa nani analipa?

*Swaleh:* Jamani hebu mtuamulie. Leo baada ya laasiri nimecheza chesi na Ami Athmani pale barazani, tumewekeana mwenye kufungwa anunue halwa, sasa mchezo umeisha sare na Ami hataki kusikia

*Ami Athmani:* Sare ya nini we mtoto. Mimi nina mfalme na malkia wewe huna hata askari mmoja, huna pa kukanyaga. Umekwisha

*Mwanaisha:* 😂😂 kumbe ndo zile kelele, nilizisikia mpaka jikoni

*Swaleh:* Sina pa kukanyaga ndio LAKINI sikupewa cheki, mfalme wangu hashambuliwi! Mfalme wangu yuko kwenye kona ya ubao kabisa, Ami kwa pupa ya kunimaliza akamteremsha malkia akamuweka hatua ya farasi kutoka kwangu (nyumba mbili moja kwa moja na moja kando), nyumba zote za kutokea amezifunga ila ile niliyokaa haigusi. Na zamu ni yangu. Hiyo ni sare popote

*Ami Athmani:* Kwenye bao ukikosa kete ya kucheza umefungwa, hakuna maneno. Nacheza bao tangu babako hajaoa

*Khalid wa Mombasa:* Ami shikamoo. Hapo Swaleh ana haki, chesi sio bao, mfalme asipokuwa kwenye cheki na hana hatua halali mnagawana nusu nusu. Malkia peke yake hammalizi mtu Ami, ungemsogeza mfalme wako taratibu amsaidie, haraka ya nini na mwenzio hana kitu

*Ami Athmani:* Marahaba. Mchezo wa ajabu huu, mtu umembana mpaka ukutani halafu anapewa nusu

*Mwanaisha:* Swaleh nawe malkia wako alienda wapi

*Swaleh:* Usiniulize 😭 ngome moja ya Ami ilipotea zamani ndo anaweka komwe badala yake, mi nikadhani kete ya bao imeanguka tu pale ubaoni, nikampitisha malkia mbele yake. Kaliwa na komwe wallahi

*Khalid wa Mombasa:* 🤣🤣🤣

*Ami Athmani:* Nilimwambia kabla hatujaanza. Hasikii

*Bi Zena:* Nyie endeleeni tu, mie nishamtuma mtoto dukani nusu kilo, nimemwambia aseme Ami atalipa

*Ami Athmani:* Mpigie simu mwenye duka. Robo aiandike kwa Swaleh