Toleo la Oktoba limefika Machi: nani anayalalia majarida ya sisi wa Kisumu na Magharibi?

Wenzangu watazamaji wa ndege, salamu kwenu, ingawa leo sina moyo wa salamu ndefu.

Jarida la chama, toleo la Oktoba, limeingia kwenye sanduku letu wiki hii. Tuko Machi. Toleo la Januari nilishalipata kitambo, kwa hivyo nimesoma sehemu ya pili ya makala kabla ya kuiona ya kwanza, na nimewajua washindi wa shindano la picha kabla ya kuona tangazo la shindano lenyewe. Toleo la Julai halijafika hadi leo na sidhani litafika. Wa Kakamega wanasema wao la Julai walilipata ila la Oktoba hawalijui. Huku Kisumu kwenyewe, mimi na mwenzangu wa Milimani, wanachama tuliojiunga mwaka mmoja na wenye masanduku ya posta ile ile, hatujawahi kupokea toleo moja wiki moja.

Nimenyamaza muda mrefu kwa heshima. Nimepiga simu ofisini kwa upole, nikaambiwa, "Liko njiani, Mwalimu, vumilia kidogo." Nikaandika barua pepe, nikajibiwa kwamba posta za mikoani zina shida. Nikaenda kaunta ya posta, karani akanitazama akaniambia, "Mwalimu, kikifika nakuwekea kwenye sanduku. Mimi jarida la ndege nitalipeleka nyumbani nikalifanyie nini?" Nikacheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa cha hasira.

Njiani wapi hasa? Kutoka Nairobi hadi hapa ni kama kilomita 350. Magazeti yanayochapwa Nairobi usiku yanauzwa kituo cha mabasi cha Kisumu asubuhi, wino bado unanukia. Mtu akisahau chaja kwa shangazi yake Nairobi, inapandishwa matatu mchana na jioni anaichukua hapa kwa kutaja jina na kuonyesha kitambulisho. Barabara ni hiyo hiyo moja. Kwa hivyo tafadhali, neno "mikoani" mliweke kando. Hatukai mwezini.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa maana safari hii sikuitupa bahasha. Nimeiweka mezani nikaichunguza kama ninavyomchunguza ndege nisiyemjua.

Kwanza, muhuri. Umegongwa Nairobi, na ingawa wino umefifia pembeni, mwezi unasomeka bila miwani: Februari. Februari! Toleo lenye neno Oktoba kwenye jalada limepelekwa posta mwezi wa pili. Posta haiwezi kuchelewesha kitu ambacho haijapewa. Hizo "shida za mikoani" zilianzia kwenye meza au stoo fulani ya chama chetu, na majarida yalikaa humo Krismasi ikapita, shule zikafunguliwa, watu wakalipa ada mpya, nayo yamelala tu.

Pili, lebo. Jina langu ni sahihi, nambari ya sanduku ni sahihi, mji umeandikwa Kisumu kwa herufi kubwa. Chini yake wameweka 00100. Wenzangu, 00100 ni msimbo wa posta kuu ya Nairobi! Wa Kisumu ni 40100. Mtoto wa darasa la sita anayefundishwa kuandika anwani ya barua anajua hivyo. Anayechambua barua hasomi wasifu wako, anatazama msimbo, anarusha bahasha kwenye gunia la huko. Bahasha yangu inazunguka Nairobi mpaka atokee msamaria mmoja asome neno Kisumu. Zile zisizopata msamaria ndizo matoleo yetu ya Julai.

Nilipoona hivyo niliwapigia wenzangu wakaangalie bahasha zao. Mzee wetu wa Kakamega, mwalimu mstaafu, ambaye anapaswa kuwa 50100, naye amepewa 00100. Wa Kericho, 00100 badala ya 20200. Dada yetu wa Bungoma ana 50200 yake sawasawa, na tazameni maajabu: yeye hupata jarida mapema kuliko sisi, na Bungoma iko mbali na Nairobi kuliko Kisumu! Wa Nakuru ana 20100 sahihi, na yeye ndiye aliyekuwa akitushangaa tunalalamikia nini. Kwa macho yangu, kuna mtu aliyeandika msimbo wa kwanza kwenye kompyuta akauburuta kutoka juu hadi chini, akaruka wachache waliokuwa na wao tayari, akaenda kunywa chai. Na tangu hapo hakuna aliyeangalia tena.

Posta nayo siitakasi. Bahasha yangu ya mwaka jana ilikuwa imelowa ikakauka, kurasa zikagandana, picha ya ndege mwari ikahamia kwenye uso wa mwenyekiti aliye ukurasa wa pili. (Bora ya mwari.) Na ukituma kitu kwa njia ya kawaida isiyo na nambari ya kufuatilia, hakuna pa kuuliza. Barua ya rejista ina nambari na sahihi, EMS, ile huduma ya haraka ya posta, inafuatiliwa, lakini bahasha ya kawaida ikipotea imepotea. Ofisi inalijua hilo fika. Ndiyo maana ni rahisi kwao kuitupia posta kila lawama, maana hakuna karatasi ya kuwaumbua. Isipokuwa muhuri.

Kuna watakaosema, ah, jarida tu, unapandwa na presha kwa ajili ya jarida. Sikilizeni basi.

Toleo hili la Oktoba ndilo lenye jedwali la kuwatambua vitwitwi, wale ndege wa matopeni. Anayewajua vitwitwi anajua mateso yake. Wanatoka Ulaya na Asia ya kaskazini, wanaanza kutua huku Agosti, na Aprili ikielekea kwisha wengi wameshaondoka. Wakiwa kwetu wote ni kijivu na kahawia, wote wanadokoa tope, wote wanaruka ukikaribia. Jedwali lile ni zuri, lazima niseme haki ya aliyeliandika. Linakufundisha uanze na miguu, myekundu, ya kijani au ya manjano. Kisha umsubiri aruke umtazame chini ya bawa: akiwa mweusi huko chini ni Tringa ochropus, akiwa mweupe-mweupe ni Tringa glareola. Hapo ndipo tunapoparaganyika kila mwaka.

Mimi nina watoto wa klabu ya mazingira shuleni. Tangu Oktoba tunaenda mashamba ya mpunga ya Ahero, ambako maji yakifunguliwa vitwitwi hujaa kwenye majaruba, na watoto wananiuliza, mwalimu, huyu ni yupi? Nawajibu kwa kukisia huku jedwali limelala kwenye boksi Nairobi. Sasa limefika, ndege wanafunga virago. Nitawafundisha nini, kumbukumbu?

Na shule ina jambo lake ambalo ofisi haijawahi kuliwazia. Wengi wetu huku hatuna sanduku binafsi. Tunatumia la shule, la kanisa, la kazini. Bahasha ikiingia Aprili, Agosti au Desemba inakuta shule imefungwa na ufunguo wa sanduku ameenda nao karani wa shule likizoni. Tarehe ya kutuma ikijulikana, mtu anapanga. Ikitumwa wakati wowote mtu wa ofisi akijisikia, hakuna wa kuipokea.

Halafu safari na hesabu. Hesabu ya ndege wa maji hufanyika Januari. Tangazo lake, fomu yake, na nambari ya mratibu wa kila eneo vilikuwa ndani ya toleo hili hili la Oktoba. Sisi wa Kisumu tuliokwenda kuhesabu tulisikia kwa mdomo, tena wachache. Mzee wa Kakamega hakusikia kabisa, na huyo ni mtu anayetambua ndege wa msituni kwa sauti, amefumba macho.

Sasa fungueni toleo la Januari, ukurasa wa taarifa za wanachama. Utakuta Nairobi, Naivasha, Nakuru, Pwani. Chini kabisa mhariri ameandika kwamba taarifa kutoka magharibi zimekuwa haba na anatuhimiza tuamke. TUAMKE! Fomu mnazo ninyi, tarehe ya mwisho ya kutuma inapita kabla jarida halijatufikia, halafu sisi ndio tumelala?

Kinachonikera zaidi ya pesa ni hiki. Huku ndiko kwenye mafunjo ya Dunga, mwendo mfupi tu kutoka mjini. Yule ndege mwenye utosi wa manjano, mgongo mweusi na tumbo jekundu, Laniarius mufumbiri, anaishi kwenye mafunjo ya ukanda huu wa Ziwa Viktoria na maeneo jirani, na mafunjo yakikatwa au kuchomwa hana pa kukimbilia. Kuna vijana wa mashua pale Dunga wanaoweza kukuonyesha alipo kabla hujatoa darubini mfukoni. Kuna kinamasi cha Yala. Kuna msitu wa Kakamega wenye ndege wasioonekana kwingine Kenya. Miaka ishirini ijayo mtu akifungua majarida haya akatafuta nini kilionekana Dunga mwaka huu, atakuta ukurasa mtupu na atadhani hakukuwa na ndege. Ndege walikuwepo, na sisi tulikuwepo tukiwaandika kwenye madaftari.

Najua jibu linalokuja, maana nimeshaambiwa: tutawatumia nakala ya simu. Asanteni. Ile mliyotuma mara moja ilikuwa nzito, picha tupu, ikamaliza bando la mzee wa watu na haikufunguka. Wanafunzi wangu hawaruhusiwi simu shuleni. Jarida la karatasi linabandikwa ukutani, linapita mkono kwa mkono, linaenda nalo mtu shambani likachafuka matope na bado likasomeka. Mnaotaka ya simu chukueni, sina ugomvi nanyi. Ila mimi nimelipia karatasi na gharama ya kutuma, na pesa hiyo iliingia kwenu kwa M-Pesa dakika ile ile, hata ujumbe wa shukrani ukaja na jina langu bila kosa. Ada haijawahi kupotea njiani, jamani.

Na ukitaka kujua kwamba dawa ni rahisi, nilipendekeza tangu mwaka jana: fungeni majarida ya Kisumu na viunga vyake kwenye furushi moja, lipandisheni basi la usiku, asubuhi nalichukua mimi mwenyewe na kuwagawia wenzangu. Nauli ya mzigo mmoja kama huo haiwezi kuwashinda ukilinganisha na stempu za bahasha moja moja. Nakuru wafanye hivyo hivyo, na Eldoret inaweza kubeba Kitale na Bungoma. Nilijibiwa kwamba pendekezo "litawasilishwa kwa kamati". Labda nalo limeandikiwa 00100.

Kwa hivyo waheshimiwa wa kamati, na najua mnasoma hapa hata msipojibu, mimi ada ya mwaka ujao sitoi mpaka mambo haya yafanyike. Orodha ya anwani ipitiwe mtu kwa mtu, na kila mmoja atumiwe anwani yake kama ilivyo kwenye kompyuta yenu aihakikishe. Siku majarida yanapokwenda posta, tangazeni siku hiyo hiyo, ili tujue tumlaumu nani. Toleo la Julai litumwe upya kwa wote waliolikosa, kwa basi, kwa gharama ya chama. Na tarehe ya mwisho ya kupokea taarifa za ndege isogezwe mbele mpaka majarida yaanze kufika kwa wakati. Sijaomba mwezi wala nyota.

Nanyi wenzangu wa Kisumu, Kakamega, Kericho, Kisii, Busia, Homa Bay na kote huku, msije hapa kuandika "pole Mwalimu" mkaondoka. Pole sizihitaji. Toeni bahasha zenu hata kama mlizitia kwenye droo, piga picha ya lebo na muhuri, funika jina na nambari ya sanduku, kisha weka hapa chini ukitaja mji wako, msimbo waliokuandikia, mwezi ulio kwenye muhuri na toleo lililokuwa ndani. Yangu naiweka ya kwanza. Wa Nairobi nanyi leteni mihuri yenu, tuone kama la Oktoba ninyi pia lilitumwa Februari.