Tuliouziwa miche ya pichi "ya kuchelewa kuiva" hapa Mwanza, tukutane hapa

Wakuu, nina hasira na sizifichi.

Kuna muuzaji wa miche hapa Mwanza anatembeza pichi, yaani fyulisi, akiita aina mpya inayochelewa kuiva. Maneno yake matamu: pichi za Lushoto na Njombe zikiisha sokoni, zako ndiyo zinaanza, unapanga bei mwenyewe pale Kirumba. Mche mmoja bei yake inazidi kwa mbali mche wa embe wa kubebesha. Nikalipa, nikapanda shambani Usagara. Mashimo ya maana, samadi iliyooza vizuri, maji kiangazi chote.

Miti imekua. Kwa mbali utasema mizima. Sogea karibu sasa: tawi refu, tupu, majani yamejikusanya kwenye ncha tu. Vichipukizi vya pembeni vimedumaa, vya kahawia, ukigusa kwa kidole vinadondoka vikavu. Maua hujitokeza mawili matatu, mwezi wowote tu, yanapukutika.

Nikampigia. Jibu lake: "Mkuu, si nilikwambia hii ni ya kuchelewa? Vumilia."

Hapo ndipo damu iliponichemka. Kuchelewa kuiva kunahesabiwa tangu ua lichanue hadi tunda liive. Pichi za mapema zinachukua kama miezi miwili au mitatu, za kuchelewa zinafika mitano. Ndiyo maana Ulaya na Marekani zile za mwisho zinavunwa Septemba hadi Oktoba. Mti usiochanua hauna cha kuivisha, leo wala mwakani. Anachukua sifa ya tunda anaifanya kisingizio cha mti usiozaa, na mkulima asiyejua anaendelea kumwagilia.

Tatizo ni baridi, na muuzaji wa miche ya matunda hawezi kusema hajui. Mpichi hulala msimu wa baridi, na hauamki vizuri mpaka upate saa za kutosha za baridi ya chini ya nyuzi 7 hivi. Aina nyingi za kawaida zinataka saa 600 hadi 1,000. Hata Flordaprince, iliyozalishwa Florida kwa ajili ya maeneo ya joto, inahitaji kama saa 150. Sisi tuko mita 1,100 na ushee juu ya usawa wa bahari, ziwa liko pembeni linatunza joto usiku kucha. Nani humu amewahi kuona nyuzi 7 Mwanza? Hata Julai, ukitoka alfajiri umevaa sweta, hatufiki huko. Njombe wanapata umande wa barafu, sisi hatupati.

Na tuseme muujiza umetokea, mti umezaa. Tunda linalokaa mtini miezi mitano ni mali ya inzi wa matunda. Wenye maembe mnamjua huyu aliyeingia Afrika Mashariki mwaka 2003, anavyotoboa na kutaga, unakata tunda unakuta funza. Kadiri linavyokawia ndivyo anavyopata muda. Hilo nalo halikusemwa wakati hela inahesabiwa.

Lebo ya mche imeandikwa "pichi mpya" na namba ya simu. Basi. Jina la aina hakuna, mahitaji ya baridi hakuna, shina lililobebeshewa halijulikani.

Muuzaji, najua unapita humu. Nionyeshe mti mmoja tu wa aina hiyo uliozaa ndani ya Mwanza, nitaufuata hata ukiwa Sengerema au Ukerewe. Huna, rudisha hela za watu na acha kuuza miche hiyo ukanda huu wa ziwa.

Mliouziwa, wekeni picha za matawi, eneo mlikopanda na risiti kama mlipewa. Tukiwa wengi tunapeleka malalamiko TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha ubora wa mbegu, kwa pamoja. Na wewe uliyeambiwa uwahi kwa sababu miche imebaki michache, usitume hata shilingi.