Tupeane uzoefu: waya za umeme ndani ya kuta za jipsam zilizojazwa sufi

#1
Wakuu, habari zenu. Mimi ni fundi cherehani, nina fremu ya biashara Mbezi hapa Dar. Mwaka jana niliigawa kwa ukuta wa jipsam: mbele wateja, nyuma mashine. Kelele za cherehani zilikuwa zinawakera wateja, kwa hiyo fundi jipsam akashindilia zile sufi za kuzuia sauti katikati ya mbao mbili za jipsam. Kweli, pakatulia. Fundi umeme alikuwa ameshapita, ameacha waya inaning'inia katikati ya ukuta na soketi mbili upande wa nyuma.

Soketi hizo nikachomeka pasi mbili, kila moja wati 2,000. Msimu wa sare za shule zinawaka kutwa. Januari nikaanza kusikia harufu, siyo ya kuungua hasa, ni kama ndoo ya plastiki iliyosahaulika juani. Nikadhani ni pasi, nikanunua nyingine. Harufu ikabaki palepale. Siku moja nikaweka kiganja ukutani juu ya soketi, nikakuta pana joto kama paji la mtoto mwenye homa. Nilizima meni swichi mikono inatetemeka.

Tulipokata jipsam tukakuta waya ya 1.5, yaani unene wa milimita za mraba 1.5. Ganda lake jekundu lilikuwa limekuwa kahawia, na ukilikunja linapasuka kama ganda la karanga. Lakini kipande cha waya hiyohiyo kilichokuwa juu ya dari, nje ya sufi, bado kilikuwa laini kama kipya. Na breka ya ampia 20 haikuanguka hata mara moja. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Wenye kuta za aina hii, ninyi mlipitishaje waya?

#2
Pole sana mkuu, na mshukuru Mungu uligusa ukuta mapema. Mimi ni fundi umeme hapa Birmingham, mwaka wa tisa sasa. Breka yako haikuharibika. Pasi mbili zinakula ampia 17 na ushee, iko chini ya 20, kwa nini ianguke? Tatizo ni joto kukosa pa kwenda. Waya inajipoza kwa hewa, au kwa kitu inachogusa. Ukiizungushia sufi, unaifunika blanketi Februari ya Dar.

Kwa majedwali ya huku Uingereza, waya bapa ya 2.5 iliyobanwa juu ya ukuta wa kawaida inabeba ampia 27. Ndani ya ukuta wenye sufi, ikiwa inagusa ubao wa jipsam, ni 21. Ikimezwa na sufi bila kugusa ubao, 13.5. Ya 1.5 kama yako inatoka 20 inafika 10! Wewe ulikuwa unaipitishia 17.

Yalinikuta na mimi. Kuna nyumba niliacha waya zikae upande wa ubao, wakaja watu wa sufi wakaichana katikati na kuivisha waya pande zote mbili. Nilirudi kufunga soketi, nikachungulia kwenye tundu la boksi, waya haionekani. Nikaomba mbao mbili zishushwe. Msimamizi alinifokea kuhusu muda, lakini sikuondoka mpaka zikashuka. Tangu hapo kila ukuta naupiga picha kabla haujafungwa, na futi kamba ikionekana ndani ya picha.

Jambo lingine: kutoka kwenye soketi, waya ipande wima au iende mlalo. Usiikatishe mshazari, maana atakayepigilia msumari wa saa miaka kumi ijayo hana njia ya kujua imepita wapi.

#3
Mimi niko Mombasa na ukuta wangu ni wa vyuma vile vyepesi, si mbao. Stima ilinipiga nikikaza skrubu ya kioo cha ukutani, na kioo kilikuwa mbali na swichi. Kumbe waya ilipitishwa kwenye tundu la chuma bila raba, na ule mlango tunaubamiza kila siku. Makali ya chuma yamekula ganda polepole, vyuma vya ukuta mzima vikawa na umeme. Sasa kila tundu lina raba, vyuma vimeungwa na waya ya arthi, na nimefungiwa kifaa kinachokata umeme ukivuja miliampia 30. Nina watoto wawili wadogo, ndugu zangu.

#4
Columbus, Ohio. Kwangu skrubu ya jipsam ilipenya waya kwenye nguzo ya mbao. Tundu litobolewe katikati ya nguzo, inchi 1 na robo kutoka ukingoni. Ikishindikana, pigilia kibati cha chuma mbele yake.

#5
Nyongeza kutoka Arusha. Kama ndani umejaza lile povu jeupe la kufungia TV, usiache waya iliguse. Ulaini wa plastiki unahamia kwenye povu, waya inakauka na povu linaliwa. Pitisha kwenye paipu.

#6
Nimesoma yote, asanteni kwa moyo. Fundi mwingine amekuja leo. Waya mpya ni 2.5, kila pasi ina laini yake na breka yake ya 16, na zote zimepita kwenye tranki (mfereji wa kupitishia waya) nje ya ukuta, hazigusi sufi kabisa. Urembo umepungua, lakini nimelala.

Jirani yangu wa saluni alijengewa ukuta kama wangu na mafundi walewale, na ana draya tatu. Jioni hii nimempelekea kile kipande cha waya akikunje mwenyewe.