Kwa nini habari za amani ya Sudan Kusini ni mabalozi tu?

Swali: Wakuu habari zenu. Kila nikisoma kuhusu amani ya Sudan Kusini naona Troika, yaani Marekani, Uingereza na Norway, "zaunga mkono", picha ya balozi anapeana mkono na waziri, aya mbili imeisha hiyo. Wanaopatana wenyewe tunawasikia wapi?

Jibu: Mkuu tamko linakuja limeshaandikwa, ubalozi unatuma kwa imeili mwandishi anageuza kichwa cha habari anaweka jina lake. Kwenda Malakal, mji wa kaskazini mwa Sudan Kusini, kuongea na waliokimbia vita ni hela, na ni hatari pia.

Jibu: Wa nje wana mchango wao ila sifa zinagawiwa vibaya. Mkataba wa 2005, wa serikali ya Sudan na waasi wa kusini, ulisainiwa Nairobi tarehe 9 Januari, Colin Powell, waziri wa mambo ya nje wa Marekani wakati huo, akawepo kama shahidi na kamera zote kwake, wakati kazi ngumu ilifanyika Machakos na Naivasha, miaka kadhaa ya kubishana, mpatanishi Jenerali Sumbeiywo wa Kenya kwa niaba ya IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika na jirani zake.

Jibu: Ule wa 2018, wa Kiir na Machar wa Sudan Kusini, ndo kabisa, ulisukumwa na Bashir, rais wa Sudan wakati huo, na Museveni wa Uganda, na Troika hawakusaini. Kuunga mkono kuna ngazi bana, magazeti yanaweka yote kapu moja.

Swali: Heee, hawakusaini? Kisa?

Jibu: Walikuwa na wasiwasi kama wahusika wana nia kweli ya kutekeleza. Soma tamko lenyewe, usiishie kwenye kichwa cha habari.