Ozoni ya Lubumbashi: je, tuyazuie malori makuukuu?

Mkaaji wa Katuba: Ndugu zangu, naomba tujadili kama jiji liyapige marufuku malori makuukuu yanayopita mjini kuelekea Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Ozoni tunayoivuta, gesi inayodhuru mapafu, haitoki kwenye ekzosi ikiwa tayari. Huundwa hewani pale oksidi za nitrojeni kutoka kwenye injini zinapokutana na mvuke wa petroli na gesi za moshi chini ya jua kali, na kwetu mwezi wa tisa, kabla mvua haijaanza, jua na mioto ya pori huja pamoja.

Mwalimu wa Kamalondo: Watoto tunawafundisha kwamba ozoni hutukinga na jua, na mataifa yalitia sahihi Mkataba wa Montreal mwaka 1987 kwa ajili yake. Leo imegeukaje kuwa sumu? Na kama tatizo ni moshi, waulizwe kwanza wachoma makala (mkaa) wanaomaliza miombo yetu, si madereva.

Muuza makala, komini ya Kenya hapa Lubumbashi: Papa Mwalimu, neno hilo limeniumiza. Umeme ukikatika, wenye pesa huwasha jenereta, ambazo nazo hutoa oksidi hizo hizo, na sisi wengine tunasonga bukari kwa makala. Kiwanda cha shaba kilianza kuyeyusha mwaka 1911, na moshi wake ukaiacha ardhi ya kaskazini-magharibi bila majani, lakini anayelaumiwa ni mwanamke mwenye gunia.

Mwanafunzi wa kemia: Mama, moshi ule madhara yake yalitokana na salfa na metali, si ozoni. Papa Mwalimu, gesi ni ileile: inayotukinga iko juu sana, nyingi ikiwa zaidi ya kilomita 15, ilhali hii inaingia mapafuni, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishauri isizidi mikrogramu 100 kwa mita ya ujazo, kwa wastani wa saa 8. Kuhusu malori, tusiharakishe. Oksidi ya nitrojeni inayotoka kwenye injini huila ozoni iliyo karibu na barabara, ndiyo maana Los Angeles, ambako malori hupungua mwisho wa juma, ozoni ilikuwa ikipanda siku hizo. Miji ya China nayo ilipunguza vumbi laini baada ya mwaka 2013, huku ozoni ikiongezeka. Tukiyaondoa malori peke yake, tukaacha mvuke wa mafuta na mioto ya pori, huenda katikati ya mji hali ikawa mbaya zaidi.

Muuza makala, komini ya Kenya: Mwanangu, usiniambie salfa ni jambo lingine, kwa kuwa kifua kinachobanwa ni kimoja.

Mwalimu wa Kamalondo: Mimi sikumtukana mwanamke yeyote. Nilisema wachoma, sikusema wauzaji.

Mkaaji wa Katuba: Hata wachoma, Papa, si wao wote wanaowasha pori. Wawindaji huchoma, wakulima huchoma wakitayarisha mashamba ya mahindi, na ozoni inayotokana na moshi huo inaweza kudhuru mimea pia. Ningependa tujue ni nani katika vijiji vya pembeni anayeweza kuwaambia wachome mapema, majani yakiwa bado mabichi kidogo na moto ukiwa mdogo.

Muuza makala, komini ya Kenya: Chifu wa kijiji ndiye anayesikilizwa. Lakini aende kwake mtu asiyeanza kwa kutulaumu.